Bunduki ya upepo nyumbani: kilicho nyuma ya shabaha

Bunduki ya upepo haina baruti na haitoi moshi, na kwa sababu hiyo wengi huiweka kundi moja na manati ya watoto. Lakini risasi yake ndogo, yenye kipenyo cha milimita 4.5 na uzito wa takriban nusu gramu, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 150 hadi 300 kwa sekunde, kutegemea aina ya bunduki. Kasi hiyo inatosha kupenya ngozi, na jicho halina hata ngozi ya kulikinga. Nchini Marekani, ambako bunduki hizi huuzwa madukani kama vifaa vya michezo, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imeripoti takriban vifo vinne kwa mwaka vinavyotokana nazo. Tume hiyo hushauri zisitumiwe na mtu aliye chini ya miaka 16.

Hapa Kenya suala la kwanza ni la kisheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiulizi kama kinachosukuma risasi ni baruti au upepo. Inazungumzia silaha yoyote ya mtutu inayoweza kuua na inayorusha risasi au kitu kingine, na inamtaka mwenye silaha awe na cheti. Mkazi anayefikiria kununua bunduki ya upepo, au kuiagiza mtandaoni kutoka ng'ambo, anapaswa kuuliza kwanza kwa Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, kabla ya kulipa hata shilingi moja. Serikali ya kaunti haitoi kibali hiki, wala chifu hana uwezo wa kukitoa. Aliye na cheti naye afuate masharti yaliyoandikwa humo, kwani cheti cha kumiliki si ruhusa ya kufyatua popote.

Mchezo wenyewe ni wa heshima. Ulenga shabaha kwa bunduki ya upepo uliingia katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, na alama ya pointi kumi ni kitone cha nusu milimita tu. Umbali wa mita 10 ndio unaowafanya watu wafikirie kwamba uwanja wa nyumbani unatosha. Unaweza kutosha, ila kipimo muhimu si umbali kati ya mlengaji na shabaha. Ni kile kilicho nyuma ya shabaha.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 hivi. Risasi iliyopita juu ya ua inaweza kwenda zaidi ya mita 300, yaani urefu wa ploti kumi zikiwa zimepangwa moja baada ya nyingine. Katikati hapo kuna majirani, watoto wanaotoka shule na mama anayeanika nguo. Ua wa michongoma hauzuii kitu. Ua wa mabati ni hatari kwa njia mbili: bati jembamba linaweza kutobolewa, na lisipotobolewa linaweza kuirudisha risasi upande usiotarajiwa. Ukuta wa mawe pia huirudisha. Gololi za chuma, ambazo baadhi ya bunduki hizi hutumia badala ya risasi laini, ndizo mbaya zaidi kwa kuruka. Hudunda hata kwenye ubao na kumrudia aliyezifyatua.

Kwa hivyo kinachohitajika ni sanduku la kunasa risasi, na fundi seremala wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa muda mfupi. Liwe la mbao nene na pana kuliko shabaha kwa kila upande, sentimita 45 kwa 45 hivi, ili hata risasi iliyokwenda kombo iingie humo. Nyuma kabisa huwekwa bamba la chuma lisilo na mashimo, kisha mbele yake hujazwa magazeti ya zamani, vipande vya zulia au matambara yaliyoshindiliwa hadi yasiweze kusogea. Mchanga uliochekechwa hunasa risasi vizuri pia, lakini humwagika kupitia matundu ya uso wa sanduku, na baada ya siku chache sehemu ya juu hubaki tupu bila mtu kugundua. Kosa la kawaida ni kulisahau sanduku. Katikati, ambako risasi nyingi hugonga, huchimbika polepole. Baada ya kila zoezi sanduku lifunguliwe, na risasi zikionekana zimefika kwenye bamba, vitu vilivyojazwa vibadilishwe.

Sanduku liegemee ukuta imara usio na mlango wala dirisha, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kujitokeza ghafla kutoka pembeni. Likiwekwa chini kidogo ya usawa wa bega, risasi huelekea ardhini badala ya angani. Geti lifungwe. Kila aliyepo akae nyuma ya mlengaji, na mbwa afungiwe. Mtu akipita mbele kwa sababu yoyote, bunduki hushushwa na risasi hutolewa kabla ya neno lingine kusemwa. Kidole hukaa nje ya kifyatulio hadi jicho liwe kwenye shabaha. Bunduki inayodhaniwa kuwa tupu ichukuliwe kuwa ina risasi, kwani katika zile za gololi, moja inaweza kukwama kwenye chemba na kubaki huko baada ya milio kadhaa mitupu.

Miwani ya kukinga macho huvaliwa na kila aliyepo, watazamaji pia. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa kuwa kioo chake kinaweza kuvunjika na vipande kuingia jichoni. Inayofaa ni ya polikaboneti, ile iliyoundwa kuhimili mgongano na inayofunika pembeni.

Ajali ikitokea kwenye jicho, dakika za kwanza huamua mengi. Jicho lisisuguliwe, lisioshwe, lisikandamizwe, na kitu kilichoingia kisivutwe. Maziwa ya mama, asali na dawa za macho zilizobaki nyumbani visitiwe kabisa. Chukua kikombe safi cha karatasi au plastiki, kifunike jicho bila kuligusa, kifungwe kwa plasta, na majeruhi apelekwe hospitali yenye huduma ya macho bila kula wala kunywa, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Kidonda cha mwilini nacho huhadaa: tundu ni dogo, damu ni kidogo, lakini risasi iko ndani. Daktari aambiwe kama ilikuwa ya chuma au ya madini ya risasi. Chuma kilichobaki mwilini kinaweza kusogezwa na sumaku ya mashine ya MRI, na mgonjwa akauambia uchunguzi huo baada ya miaka mingi akiwa amesahau.

Kiswahili kina neno moja kwa kitu kinachofyatuliwa na kwa madini yanayokitengeneza, na madini hayo ni sumu. Wakazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa sana. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vumbi la sanduku moja halilingani na moshi wa kiwanda, lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi. Risasi zisishikwe kwa meno wakati wa kupakia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mahali pa zoezi pasipigwe ufagio mkavu bali pafutwe kwa kitambaa chenye maji, na zoezi lisifanywe jikoni wala chumba wanacholala watoto.

Zoezi likiisha, bunduki ihifadhiwe tupu chini ya kufuli, risasi zikiwa mahali pengine na ufunguo kwa mtu mzima mmoja. Isiachwe kwenye gari juani ikiwa inatumia mitungi midogo ya gesi. Isibebwe wazi barabarani pia, maana polisi au jirani anayeiona kwa mbali gizani hana namna ya kujua ni ya upepo.

Ndege, tumbili na kindi si shabaha. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda wanyama wa porini hata wanapoingia shambani. Tumbili wanaoharibu mahindi huripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kwa familia yenye watoto wanaopenda mchezo huu, ipo njia isiyo na risasi. Tangu Olimpiki ya London 2012, wanamichezo wa pentathloni ya kisasa hutumia bastola za leza badala ya za upepo. Kusimama, kupumua na kubana kifyatulio polepole hujifunzwa vilevile, mradi mwanga wa leza usielekezwe machoni.

Kuna pia bunduki za zamani zinazopatikana stoo baada ya mzee kufariki. Zisijaribiwe, hata kama zina kutu na hazionekani kuwa na nguvu. Msimamizi wa mirathi aripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na kueleza ilipo, huku ikiachwa hapo hapo ilipokutwa na mlango ukiwa umefungwa.