Poda ya mashavu na umbo la uso: jipambe, lakini usifiche dalili

Msimu wa harusi ukifika, saluni zinajaa. Mama wa bibi harusi, mashangazi, wasimamizi na mabinti wa familia wote wanataka uso wa kutoka vizuri kwenye picha. Wengi wakishaketi kwenye kiti cha mpambaji huomba jambo moja: "Nipunguzie haya mashavu," au "Nifichie hili taya."

Ombi hilo linawezekana. Rangi ya mashavu pamoja na ile poda ya kahawia ambayo wapambaji huiita bronza, zikipakwa mahali pake, zinaweza kuufanya uso wa duara uonekane mwembamba na uso mrefu uonekane mfupi. Jioni unanawa, na ngozi yako inabaki kama ilivyokuwa asubuhi.

Ila uso huohuo unaoupamba ndio unaotoa habari za figo, za homoni na za mishipa ya fahamu. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, tutatazama mambo mawili kwa pamoja: namna ya kupaka poda hizi kulingana na umbo la uso wako, na wakati ambapo umbo hilo ni la kupeleka kwa daktari kabla ya kwenda saluni.

Lijue kwanza umbo lako

Funga nywele nyuma, simama mbele ya kioo karibu na dirisha mchana, bila vipodozi. Linganisha upana wa paji la uso, upana wa mashavu na upana wa taya. Kisha tazama urefu kuanzia nywele zinapoanzia hadi kwenye kidevu. Hapo utajua uko kundi gani.

Kanuni ya kupaka ni nyepesi. Rangi iliyoiva kuliko ngozi yako hufanya mahali paonekane pameingia ndani. Rangi angavu hufanya mahali paonekane pamejitokeza. Bronza inakaa pale unapotaka papungue, na rangi ya mashavu inakaa pale unapotaka macho ya watu yatue.

Uso wa duara: urefu na upana wake vinakaribiana, na mashavu yamejaa. Pitisha bronza pembeni mwa paji la uso, chini ya mfupa wa shavu, na kwenye ukingo wa taya. Rangi ya mashavu ianzie juu kidogo ya shavu na kupanda kuelekea sikio. Ukiiweka katikati ya shavu kama duara, utauongezea uso mviringo.

Uso mrefu: pakaa bronza kidogo juu kabisa ya paji, nywele zinapoanzia, na nyingine kidogo chini ya kidevu. Rangi ya mashavu ipake kwa kulala, kutoka katikati ya shavu kwenda pembeni, isipande juu. Mstari unaolala huupunguzia uso urefu.

Uso wa mraba: paji na taya vina upana mmoja na kona za taya zinaonekana wazi. Bronza ikae kwenye kona nne, mbili za paji na mbili za taya. Tabasamu mbele ya kioo, kisha rangi ya mashavu iweke kwenye ile sehemu inayoinuka, kwa mzunguko laini.

Uso wa umbo la moyo: paji ni pana na kidevu ni chembamba. Bronza ipite pembeni mwa paji tu. Rangi ya mashavu ianze chini kidogo ya mfupa wa shavu, na kidevu ukiache bila bronza.

Uso wa umbo la yai: huna cha kurekebisha. Bronza kidogo chini ya mfupa wa shavu na rangi kidogo juu yake vinatosha.

Kwa maumbo yote, bronza ya chini ya mfupa wa shavu huanzia karibu na sikio na kuishia usawa wa mwisho wa jicho. Ikifika karibu na mdomo, uso huonekana kama wa mgonjwa. Anza na poda kidogo, kung'uta brashi, kisha sambaza mpaka usione mstari wowote.

Rangi inayokubali ngozi yetu

Poda nyingi madukani zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe, ndiyo maana mwanamke mweusi akizipaka anaonekana kama amepakwa majivu. Chagua bronza iliyoiva kuliko ngozi yako kwa hatua moja au mbili, yenye wekundu au udhahabu ndani yake. Kwa mashavu, waridi hafifu hupotea. Tafuta rangi nzito: chungwa iliyoiva, rangi ya matofali, zambarau ya zabibu, au nyekundu ya damu ya mzee. Ndani ya kopo itakutisha, lakini ikisambazwa kidogo kwenye ngozi nyeusi inapendeza.

Kama ngozi yako ina mafuta au chunusi, poda kavu inakufaa kuliko ya krimu. Ngozi kavu hupokea vizuri zaidi krimu. Na ikiwa utatumia vyote viwili, krimu hutangulia na poda hufuata.

Brashi moja, nyuso ishirini

Hatari kubwa kwenye kiti cha saluni mara nyingi ni brashi. Brashi na sponji iliyogusa uso wa mteja wa kwanza ikipita kwa wa ishirini bila kuoshwa husambaza bakteria wa majipu na chunusi, virusi vya vidonda vya mdomoni, na magonjwa ya macho. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi macho mekundu yalivyoenea mwanzoni mwa 2024. Maradhi kama hayo yanahitaji tu mkono, taulo au brashi ya kuyabeba.

Ukiwa na uwezo, nenda saluni na brashi zako. Ukishindwa, muulize mpambaji bila kuona haya: "Dada, brashi hizi zimeoshwa?" Nyumbani, osha brashi zako kila baada ya siku saba hadi kumi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha zilaze zikauke. Sponji ikichanika au kutoa harufu, itupe. Nyuma ya kopo la poda tafuta mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye namba kama 12M: maana yake, itumie kwa miezi 12 tangu uifungue.

Poda mpya ijaribu kwanza. Paka kidogo sehemu ya ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja. Kukiwa na muwasho, upele au uvimbe, usiipeleke usoni. Manukato yaliyomo kwenye vipodozi ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi. Bibi harusi asijaribu kipodozi kipya usiku wa kuamkia harusi.

Na kabla ya kulala, nawa uso. Kulala na poda huziba vitundu vya ngozi na kuleta chunusi, nazo chunusi kwenye ngozi nyeusi huacha madoa yanayokaa miezi mingi.

Poda huoshwa, mkorogo haunawiki

Kuna wanaotaka uso "wa kwenye picha" kila siku, na hao ndio wanaoishia kwenye mkorogo. Hapa lazima tutofautishe. Bronza hucheza na mwanga na kivuli juu ya ngozi. Mkorogo huingia ndani ya ngozi, na mwingine hupita hadi kwenye damu.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wazima waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Zaidi ya miaka 50 imepita na krimu za aina hiyo bado zinauzwa kwa siri, ingawa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi wanachama kuondoa vipodozi vyenye zebaki sokoni.

Soma boksi kabla ya kulipa. Ukiona maneno hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol au betamethasone kwenye kitu kinachouzwa kama kipodozi, rudisha. Mawili ya mwisho ni dawa za steroidi, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku maalumu. Kisichokuwa na maandishi kabisa, kile kinachopimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kopo tupu, kirudishe haraka zaidi. Kwa Tanzania, tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ndiko pa kupeleka taarifa ukikuta bidhaa ya kutilia shaka.

Umbo likibadilika lenyewe

Sasa tuje kwenye jambo ambalo poda haipaswi kulificha. Mtu mzima haamki na umbo jipya la uso bila sababu. Kama ulikuwa na uso mwembamba na ndani ya miezi michache umekuwa wa duara, usikimbilie bronza. Jiulize mambo haya.

Je, unatumia vidonge vya steroidi kama prednisolone, au krimu kali ya kung'arisha? Dawa hizo zikitumika kwa muda mrefu huukusanyia uso mafuta ukawa mviringo kama mwezi, na zinaweza kupandisha presha na sukari. Lakini usiache vidonge ghafla kwa sababu ya mashavu. Mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuzidiwa vibaya ukikatishiwa mara moja. Rudi kwa daktari akupunguzie dozi kwa hatua. Hata aliyetumia krimu kali kwa miaka aende hospitali, kwa kuwa ngozi inaweza kuchafuka sana akiacha bila msaada.

Je, kope na mashavu huvimba asubuhi kisha hupungua mchana? Je, mkojo una povu jingi au miguu imejaa? Hizo zinaweza kuwa dalili za figo. Mzazi, hili ni muhimu kwa mtoto pia: mtoto "aliyenenepa usoni" ghafla huku macho yamevimba apimwe mkojo.

Je, una rangi mashavuni ambayo haikutoka kwenye brashi? Upele unaokaa juu ya mashavu yote mawili na kupita juu ya pua, mfano wa mabawa ya kipepeo, unaweza kuwa dalili ya lupasi, hasa ukiambatana na maumivu ya viungo na uchovu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi haung'ai wekundu. Huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea.

Na kama upande mmoja wa uso umelegea ghafla, mdomo umekwenda pembeni, au mkono mmoja umeishiwa nguvu na maneno hayatoki sawasawa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kiharusi hakisubiri kesho.

Wajawazito nao huweza kuona madoa ya kahawia mashavuni na kwenye paji. Mengi hayana hatari na hupungua baada ya kujifungua. Yanaruhusu kufunikwa na poda, lakini jua huyaongeza, hivyo kofia, mtandio na losheni ya kuzuia miale ya jua yenye SPF 30 au zaidi vinasaidia. Mtu mwenye ualbino aitangulize losheni hiyo kila siku. Bronza haizuii jua.

Kwa mzazi mwenye binti

Binti wa miaka 13 au 14 akiomba kupakwa kwa ajili ya harusi ya dada yake, hana kosa. Mpake wewe mwenyewe, kidogo, kwa brashi safi, na mfundishe kunawa kabla ya kulala. Mifupa ya uso wake bado inakua, kwa hiyo umbo analolilalamikia leo huenda asiwe nalo akifika miaka 20.

La kuangalia zaidi ni maneno. Binti anayeitwa "mashavu maandazi" au "cheusi" nyumbani kwao ndiye atakayenunua kopo lisilo na lebo kwa fedha za nauli. Ukimwona anaanza kupauka usoni huku vifundo vya vidole na masikio vimebaki vyeusi, ongea naye kwa upole, umwombe akuonyeshe anachopaka, kisha mwende pamoja kituo cha afya mkiwa na kopo lenyewe. Daktari akiona kopo, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya kuchukua brashi kesho asubuhi, utazame uso wako mkavu kwa dakika moja mbele ya dirisha. Ukiwa ni uleule wa mwezi uliopita, pakaa rangi upendavyo. Ukiwa umebadilika na hujui kwa nini, anza na hospitali.