Cha Kuazima na Chako: Kulinganisha Chipu za Michoro katika Vipakatalishi

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii ilinijia akilini siku mdogo wangu, mwanafunzi wa uhandisi mjini Nyeri, aliporejea nyumbani Karatina na kipakatalishi kilichonunuliwa kwa bonasi ya majani chai ya mama. Kilikuwa kimekwisha kutumika ng'ambo, kama vilivyo vingi vinavyouzwa katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kuwa kina "michoro ya gigabaiti 4". Alipofungua programu ya AutoCAD, mistari ilijikokota kama mkokoteni wa punda matopeni. Muuzaji hakusema uongo mtupu, ila hakuusema ukweli wote. Makala haya yanadhamiria kuueleza ukweli huo uliosalia.

Chipu ya michoro ndiyo inayokokotoa kila nukta tuionayo kwenye skrini. Katika vipakatalishi vya kawaida, chipu hizi ni za aina mbili. Aina ya kwanza hujengwa ndani ya prosesa. Mifano ni Intel UHD 620 ya mwaka 2017 na Radeon Vega 8 iliyomo katika baadhi ya prosesa za AMD Ryzen. Chipu hizi huazima RAM ya mashine. Aina ya pili hujitegemea. Mfano ni NVIDIA GeForce MX150, pia ya mwaka 2017, yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 2 au 4.

Windows huiruhusu chipu ya kuazima kutumia takriban nusu ya RAM. Kwa hivyo, mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 huonyesha karibu gigabaiti 4 za michoro. Kiasi hicho ni deni, si mali. Msomaji anaweza kulithibitisha hili dukani kabla ya kutoa pesa: aandike dxdiag katika kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha afungue ukurasa wa pili. Kumbukumbu ya chipu yenyewe imeandikwa hapo mbali na ile ya kuazima. Kwa UHD 620, aghalabu ni megabaiti 128 tu.

Hata hivyo, wingi wa kumbukumbu si hoja kuu. Hoja kuu ni kasi ya njia inayoifikia. Kipande kimoja cha RAM ya DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vikifanya kazi sambamba, hupitisha 38.4. MX150 hufikia takriban 48, tena bila kugombania njia na prosesa. AutoCAD ya 2020 ilidai angalau 29 na kupendekeza 106, kiwango ambacho hata MX150 haikifikii.

Mashine ya mdogo wangu ilikuwa na kipande kimoja cha RAM, na nafasi ya pili ilikuwa tupu. Tulipoongeza kipande cha pili, michoro yake ilianza kugeuka bila kukwama. Gharama ilikuwa ndogo mno kuliko ya kununua mashine nyingine.

Majina nayo yana hila. GeForce 940MX ya mwaka 2016 iliuzwa kwa kumbukumbu ya DDR3 au ya GDDR5. Jina ni lile lile, lakini ya pili ina njia ya kasi zaidi ya maradufu. Vivyo hivyo, Intel Iris Xe, iliyoletwa mwaka 2020, hutambulishwa na Windows kama UHD iwapo mashine ina kipande kimoja tu cha RAM.

Je, sisi wanafasihi tunahitaji nini? Anayechapa tasnifu, kusoma vitabu na kutazama tamthilia atatoshelezwa na UHD 620. Asilipie chipu ya ziada itakayomlia betri bure. Mhandisi na mhariri wa video ndio wanaohitaji chipu inayojitegemea.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua, uliza maswali matatu: kumbukumbu ya chipu ni yake au ni ya kuazima? RAM imo katika vipande vingapi, na ipo nafasi ya kuongeza? Kazi yangu yadai nini? Cha kuazima si aibu, mradi ujue kuwa umeazima.