Kadi Iliyofichwa Kwenye Ndoo ya Unga

Nesi wa uzazi wa mpango ana swali ambalo huliuliza kwa sauti ya chini: "Baba watoto anajua?" Mama akitikisa kichwa, kadi yake haikai wazi. Itabaki zahanati, au kwa shoga yake, au itazikwa kwenye ndoo ya unga, mahali ambapo mume hatii mkono.

Siri hiyo imeiletea sindano wateja wengi. Vidonge vina pakiti, na pakiti hukutwa chini ya godoro. Kijiti hupapaswa mkononi gizani. Sindano haiachi alama: mama anachomwa, anapitia dagaa sokoni, anarudi kupika, na miezi 3 inayofuata ni yake.

Taabu huanza pale wanapotaka mtoto mwingine. Anaacha kuchoma. Mwezi wa kwanza kimya, wa tatu kimya, wa sita mawifi wanaanza kunong'ona. Sindano ya miezi 3 huchelewesha uwezo wa kushika mimba: kwa wastani mimba huingia miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine huzidi mwaka. Hakuna kilichoharibika, mwili unasubiri dawa iishe. Kijiti au kitanzi kikitolewa, hakuna kusubiri kwa namna hiyo. Mke na mume walioelezwa hayo pamoja siku ya kwanza wangehesabu miezi kwa utulivu. Aliyejificha hana wa kumweleza. Siku kadi inapofukuliwa, mume anaunganisha mambo mawili, sindano na tumbo tupu, na mtaa mzima unapata ushahidi mpya kwamba sindano inaua kizazi. Simwiti mume huyo mjinga. Ameona alichokiona, na hakuna aliyewahi kumketisha.

Hedhi nayo ikikatika, anaambiwa damu inajikusanya tumboni hadi igeuke uvimbe. Haijikusanyi. Dawa huufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, basi hakuna cha kumwagika. Nesi anaweza kuyaeleza haya kwa dakika 2, lakini huyaeleza kwa mmoja tu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa Tanzania walioolewa au wanaoishi na mwenza wakitumia njia ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuzidi asilimia 7, kwa hiyo tumepiga hatua kubwa. Ila utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta 32. Tumesimama, wakati Kenya mwaka huohuo wa 2022 ilifika asilimia 57. Huduma katika vituo vya serikali ni bure, na ingawa dawa huadimika mara kwa mara vijijini, sidhani kama hapo ndipo tulipokwama. Tumekwama nyumbani.

Takwimu humhesabu anayeishi na mwenza pamoja na aliyeolewa, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, huwadhania kuwa mke na mume watu waliokaa pamoja miaka 2 na kuonekana hivyo. Lakini nyumbani, aliyeolewa na anayeishi na mwenza hawako sawa. Ambaye mahari yake haijatolewa huona mtoto ndiye cheti chake. Akipanga uzazi, mwenzake huuliza kama anajiandaa kuondoka. Asipopanga, atabeba mimba ya pili huku hajui kama ataolewa.

Wazee wetu walikuwa na mambo yao. Waliamini wazazi wakikutana kimwili mapema baada ya kujifungua mtoto anabemendwa, anadhoofu. Wapo wanawake waliovaa pigi, hirizi ya kuzuia mimba, kiunoni. Pigi haikuzuia mimba, wala mtoto hakudhoofu kwa sababu wazazi wamekutana. Lakini katazo lilimfunga baba kama lilivyomfunga mama, na pigi mume aliiona. Nafasi kati ya watoto ilikuwa jambo la nyumba nzima.

Leo mume huitwa kliniki mwanzoni mwa ujauzito, apimwe VVU pamoja na mkewe, na katika vituo vingi wanaokuja wawili huhudumiwa kwanza. Baada ya hapo ni nadra kuitwa tena. Chanjo ya wiki ya 6 mama huenda peke yake, na hiyo ingekuwa siku nzuri ya kuzungumzia mtoto anayefuata. Ningependa baba aalikwe hapo kwa maandishi. Si nyumba zote, najua. Wapo ambao siri ndiyo ngao yao dhidi ya kipigo, na hao nesi awalinde bila kuwahoji zaidi.

Kwa hao, angalau kadi ya sindano iandikwe mstari mmoja, kwa herufi kubwa na Kiswahili cha nyumbani: ukiacha, mimba inaweza kuchukua miezi 10 au zaidi, kizazi ni kizima. Mwenye kuifukua kwenye unga aukute.