Motokari ya umeme: kikombe tutakiweka wapi?

*Chini ya sakafu iko batri yenye kobalti. Juu ya sakafu, katikati ya viti viwili, paliachwa wazi. Tuangalie namna watengenezaji wa motokari za bei kali walivyojaza ile nafasi, na kile sisi watu wa madini tunaweza kujifunza ndani yake.*

Huku kwetu, tukiongea juu ya motokari za umeme, tunaongea batri, kobalti na shaba, kisha tunanyamaza. Si vibaya, sababu ile njo kazi yetu. Lakini mtu ananunua motokari ili akae ndani. Leo, wandugu wasomaji, tufungue mlango, tukae kiti cha mbele, na tuulize swali ambalo kila mama anayesafiri na watoto toka Kolwezi mpaka Lubumbashi analijua: chupa ya maji tutaiweka wapi? Na telefoni? Na sakoshi ya mama?

Swali linaonekana dogo. Lakini motokari moja iliyosifiwa dunia nzima ilitoka kiwandani bila kulijibu vizuri.

Zaidi ya dola 70.000, na kikombe mkononi

Mwezi wa Juni 2012, kampuni ya Tesla ilianza kuwapa wanunuzi motokari yake ya Model S, iliyotengenezwa ku Fremont, California. Umbo lake lilichorwa chini ya uongozi wa Franz von Holzhausen. Uhandisi wake uliongozwa na Muingereza Peter Rawlinson. Tulishike hili jina la Rawlinson, tutalikuta tena mbele.

Ile yenye batri ya kilowati-saa 85 iliuzwa zaidi ya dola 70.000. Katikati ya tablo kulikuwa ekrani ya inchi 17, kubwa kupita televizioni za nyumba nyingi za zamani. Mwaka 2013, Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima vitu mbele watu hawajanunua, liliipa alama 99 kwa 100.

Sasa tukae ndani. Kati ya viti viwili vya mbele haiko kitu: ni sakafu tupu, bapa, toka chini ya ekrani mpaka nyuma. Milango haina mifuko ya kutia karatasi wala chupa. Mbele viko vitundu viwili vya kikombe, lakini vimefichwa ndani ya kile kipande cha kuegemeza mkono; ukitaka kuvitumia, unakisukuma nyuma, na kiwiko kinakosa pa kupumzika. Abiria wa nyuma hawana hata kitundu kimoja.

Wenye kupenda ile motokari walisema nafasi wazi inapendeza, mama anaweza kutua sakoshi yake pale. Ni kweli, mpaka shofere apige freni. Sakoshi inaruka mbele, funguo zinamwagika, chupa inaanza safari yake yenyewe.

Watu hawakungoja. Mafundi wadogo wa Marekani walipima ile nafasi, wakatengeneza masanduku ya kuingiza pale katikati, yenye vitundu vya vikombe, kifuniko na mahali pa telefoni, wakayauza. Kisha Tesla yenyewe ikaleta konsoli yake. Konsoli ni lile sanduku refu linalokaa kati ya viti vya mbele, ambalo ndani yake tunatia kila kitu na hatukipati tena.

Kwa nini katikati palibaki wazi

Pigeni magoti siku moja mkachungulie chini ya Land Cruiser ya zamani. Moteri iko mbele. Kutoka pale kardani inapita katikati mpaka magurudumu ya nyuma, na bomba la moshi nalo linatafuta njia yake. Ili hivi vyuma vipite, sakafu imeinuliwa kidogo kama mgongo wa ng'ombe. Juu ya ule mgongo imesimama levye ya vitesi, na kando yake freni ya mkono. Ndani ya motokari nyingi, konsoli ilikuja kwanza kufunika ile kazi ya vyuma. Nguo ya kufunika ikageuka kabati.

Model S ya mwanzo haikuwa na hivi vyote. Moteri yake ya umeme, isiyopita sana ukubwa wa tikiti maji, ilikaa nyuma katikati ya magurudumu. Haikuwa na kardani, wala bomba la moshi. Kuchagua kwenda mbele au nyuma kulifanyika kwa kijiti kidogo kando ya usukani. Batri nayo ililazwa chini ya sakafu yote kama godoro: selo zaidi ya 7.000, kila moja kubwa kidogo kupita pili ndogo ya toshi, uzito wa jumla zaidi ya kilo 500. Ndani ya zile selo kulikuwa nikeli, kobalti na aluminiamu.

Hapa njo tunaingia sisi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, karibu yote ikitoka Lualaba na Haut-Katanga. Ile batri bapa njo iliyoondoa mgongo wa sakafu. Nafasi ambayo wachoraji wa Ulaya na Marekani wanashindania leo, nani ataweka kikombe vizuri na nani ataweka sakoshi vizuri, imefunguliwa na madini ya namna ile inayopita ndani ya kamyo kuelekea Kasumbalesa.

Kikombe kinachoma, chupa inaua

Mtu atasema: "Muko mnasumbuka na vikombe, watu wana njaa." Tumsikilize, lakini tumjibu.

Mwaka 1992, ku Albuquerque nchini Marekani, mama wa miaka 79, Stella Liebeck, alikaa ndani ya Ford Probe ya 1989, kando ya mjukuu wake aliyekuwa shofere. Motokari ilikuwa imesimama. Walikuwa wamenunua kahawa ya McDonald's. Ile Ford haikuwa na pa kuweka kikombe. Mama alikibana katikati ya magoti ili afungue kifuniko atie sukari, kahawa ikamwagika mapajani. Alilala hospitali siku nane, madaktari wakamtoa ngozi sehemu moja ya mwili ili kubandika penye kuungua. Mwaka 1994 kesi yake ilijulikana dunia nzima. Makosa ya kahawa kali yaliamuliwa na korti. Lakini kitundu cha kikombe kingeweza kumwepusha na yale yote.

Wenzetu wanaoendesha bene kubwa za karyere hawahitaji kufundishwa hili. Kabini ya bene ya tani 100 iko na kitundu cha kikombe na mahali pa gameli. Aliyeichora hakutaka kumpendeza shofere tu. Anajua kwamba posti ni ya masaa mengi, kwamba mtu atakunywa maji, na kwamba bido ya maji ikianguka kwenye mteremko itabingirika mpaka chini ya pedali. Mguu unakanyaga freni, freni haishuki, sababu bido imeizuia. Wakubwa wa usalama wanakataza kila siku vitu kulala ovyo ndani ya kabini. Sheria ya karyere na swali la mama wa Kolwezi ni kitu kimoja: kila kitu kiwe na pake, na pake pakishike.

Ajabu ni hii: bene ya kubeba mawe ilimfikiria shofere wake mbele ya motokari ya matajiri.

Wengine walijibu namna gani

Mwaka 2021 Mercedes-Benz ilitoa EQS, motokari yake kubwa ya umeme. Wachoraji wake walifanya daraja: konsoli inashuka toka kwenye tablo, inapita hewani kati ya viti, na chini yake panabaki wazi. Juu unaweka kikombe na telefoni. Chini mama anatua sakoshi, isiyoonekana na mwizi wa dirishani. Tablo yenyewe inaweza kuwa kioo kimoja chenye upana wa sentimita 141. Lakini mwenye motokari hafungui kapo ya mbele: inafunguliwa na mafundi wa kampuni peke yao, na maji ya kusafisha kioo yanatiwa kwa kifuniko kidogo kando ya gurudumu. Kwa hiyo kofre ya mbele hakuna.

Mwaka uleule, ku Casa Grande katika jimbo la Arizona, kampuni ya Lucid ilianza kutoa motokari yake ya Air. Mkubwa wake alikuwa nani? Peter Rawlinson, yule yule wa Model S. Safari hii ekrani ya chini, iliyo katikati, inapanda na kuingia ndani ya tablo, na nyuma yake kunaonekana kabati. Konsoli iko, vitundu vya vikombe viko. Mbele, chini ya kapo, kuna kofre ya lita zaidi ya 280, inayoweza kumeza masanduku ya safari.

Ile nafasi yote haikuokotwa. Rawlinson na wahandisi wake walipunguza moteri pamoja na vyombo vyake vya kugeuza umeme mpaka uzito wa kilo 74, mtu akaweza kuvitia ndani ya sanduku dogo la ndege. Kila sentimita waliyoinyima mashine walimpa abiria. Wachimbaji wanaelewa: ukitaka njia pana ndani ya mungodi, lazima mtu achonge mwamba.

Rivian nayo, kampuni nyingine ya Marekani, ilitoa mwaka 2021 pikapu ya umeme yenye shimo linalopita upande mpaka upande, nyuma ya milango ya nyuma, zaidi ya lita 300. Pale unatia vifaa virefu, hema, hata fimbo za kuvua samaki. Shofere wa kazi angetia chepeo na mitarimbo.

Na Tesla? Mwaka 2021 ilibomoa ndani ya Model S na kuijenga upya. Sasa iko konsoli ya kweli katikati, iko mahali pa kulaza telefoni ipate umeme bila waya, na abiria wa nyuma wamepewa ekrani yao pamoja na vitundu vya vikombe. Toka motokari ya kwanza mpaka pale ilipita miaka tisa.

Na sisi je?

Tusidanganyane. Wengi wetu hatutanunua EQS wala Lucid. Lakini kuna mambo mawili ya kuweka mfukoni.

La kwanza ni la mali. Kobalti inatoka kwetu ikiwa bado unga wa idroksidi, ndani ya mifuko mikubwa. Sehemu kubwa inaenda kusafishwa China. Tena kobalti si chumvi ambayo hakuna mboga bila yeye: batri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo, zimeshaingia ndani ya motokari nyingi. Shaba iko na maisha marefu zaidi, sababu motokari ya umeme inakula karibu kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya ile ya esansi. Lakini hata shaba inauzwa kwa uzito. Sanduku la plastiki ambalo fundi wa Marekani alilitia kati ya viti halikuuzwa kwa uzito wake. Liliuzwa kwa sababu mtu aliangalia namna watu wanavyokaa, akaona kinachokosekana, akachukua mita akapima.

Ile kazi ya kuangalia na kupima haihitaji mungodi, na haikatazwi kwa mtoto wa Kolwezi, Likasi ao Kipushi. Maseremala wetu wanafanya kila siku ndani ya Hiace: wanaongeza benchi, wanachonga pa kuweka radio, wanafunga kamba ya kushika mizigo. Mwaka 2022, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilizinduliwa kituo cha utafiti juu ya batri. Tunakitakia nguvu. Tungependa tu vijana wa pale wasiishie kwenye kemia. Wakae pia ndani ya motokari, washike kikombe cha chai ya moto, waulize: nikitue wapi?

La pili ni la leo jioni, na halidai franka hata moja. Mbele ya kuwasha moteri, iwe ya taksi, ya bene ao ya pikapu ya kazi, angalieni miguuni mwa shofere. Chupa, bido, gameli, spana, kiatu cha mtoto: viondoeni pale. Kama motokari yenu haina konsoli, fungeni kapu kwa kamba nyuma ya kiti. Watu wa Fremont walichukua miaka tisa ili kulipanga vizuri. Nyinyi mnaweza kulifanya ndani ya dakika tano.