Mashine Iliyo Ndani ya Sikio la Mfanyakazi



Katika safari zangu za chama kati ya Gitega na Muyinga nilikaa siku moja na mzee aliyefanya kazi miaka 22 kando ya mashine ya kukobolea kahawa. Jina la kinu nitaliacha. Nilimsalimu kwa sauti ya kawaida, akauliza, "Unasemaje?" Nikarudia, akauliza tena. Nilipopaza sauti, akaziba masikio: "Mwanangu, mbona unanifokea? Mimi si kiziwi!" Vijana wakacheka. Hata mimi nilicheka, na leo naona haya, maana mzee alisema kweli. Sauti ndogo haimfikii, na kubwa inamwumiza. Sababu ipo, nami nitaieleza kama nilivyoielewa mimi niliyeishia shule ya msingi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unaingia tunduni mwa sikio, unagonga kiwambo, na vifupa vitatu vidogo vinaupeleka ndani kwenye kifereji kilichojisokota kama nyumba ya konokono. Kifereji hicho kimejaa maji. Ukikinyoosha, urefu wake ni kama milimeta 35 tu. Ndani yake umetandazwa utando, na juu ya utando zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo: safu moja ya ndani, chembe kama 3,500, na safu tatu za nje, kama 12,000. Zile za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Basi hizi nyingi za nje zina kazi gani?

Hata wataalamu liliwashinda swali hili kwa muda mrefu. Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi utando unavyotikisika: sauti nyembamba karibu na mlango, sauti nene mwisho wa kifereji. Lakini alipima masikio ya maiti, na maiti hafanyi kazi. Thomas Gold wa Uingereza alikuwa amesema tangu 1948 kwamba maji yale yangezima sauti zote ndogo, kwa hiyo lazima sikio liwe na nguvu yake lenyewe. Hakusikilizwa. (Wenye kusema kweli mapema huwapata haya, hata mikutanoni kwetu.) Mwaka 1978 David Kemp aliweka mikrofoni ndogo sikioni mwa mtu aliye hai, huko London, akakuta sikio lenyewe linatoa sauti. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake wakaona kwamba chembe ya nje ikipata umeme inafupika na kurefuka. Mwaka 2000 maabara ya Peter Dallos, Marekani, ikagundua protini inayofanya hivyo. Wakaiita prestini, kwa neno la Kiitaliano lenye maana ya haraka.

Nani kati yetu hajawahi kusukuma lori lililokwama matopeni? Mkisukuma kila mtu kwa wakati wake, halitoki. Mkilingojea liyumbe mbele kidogo, kisha wote mkasukuma pamoja, likirudi mkaacha, likija mkasukuma tena, mwyumbo unakua mpaka linatoka. Chembe za nje zinafanya vivyo hivyo. Sauti ikiutikisa utando kidogo, zinafupika na kurefuka kwa mapigo yale yale, maelfu ya mara kwa sekunde, zikiusukuma. Mtikisiko mdogo unakuzwa mara mia na zaidi. Sauti kubwa haziisaidii, kwa kuwa ina nguvu zake. Ndiyo maana sikio moja linasikia mnong'ono na pia linastahimili ngoma za Gishora, pale karibu na Gitega.

Wanyama wote wanaonyonyesha wana chembe hizi, na popo anazitumia kusikia mwangwi wa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa.

Sasa turudi kinuni. Kelele nyingi za muda mrefu zinaua kwanza chembe za nje. Msukumaji akifa, mnong'ono unapotea, lakini kelele kubwa inapita kama zamani. Huo ndio ugonjwa wa yule mzee. Anasikia kwamba unasema, ila hashiki maneno. Tena chembe hizi kwa binadamu haziоti upya. Kuku sikio lake likiharibiwa na kelele, chembe huota tena baada ya wiki chache. Kuku ametushinda hapo.

Kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni robo saa tu. Kama huna chombo cha kupimia, simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ikiwa lazima upige kelele ili akusikie, mahali hapo pana hatari. Pamba kavu unayojitia sikioni haizuii kitu cha maana. Na ukienda hospitali, mweleze mganga kwamba unafanya kazi penye mashine, kwa sababu sindano kama za streptomisini na jentamisini nazo huua chembe hizi.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 148 mwaka 1977, kuhusu hewa chafu, kelele na mtetemo kazini. Unasema kelele ipunguzwe kwanza kwenye mashine yenyewe, na ikishindikana ndipo mfanyakazi apewe vifaa vya kujikinga. Wasimamizi wengi huanza na vifaa, au hawaanzi kabisa.

Katika kinu kile tuliomba mambo matatu: beari zilizolegea zibadilishwe, watu wapokezane kando ya mashine kila saa 2, na vifuniko vya masikio viletwe. Beari zimebadilishwa. Zamu bado zinajadiliwa. Vifuniko vimefika 7, na watu ni 19.