Kura Nyingi, Viti Vichache: Namna Hesabu ya Kura Inavyoamua Mshindi
Mpiga kura wa Malindi, Mji Mkongwe, humchagua mgombea mmoja tu, na anayeongoza ndiye mshindi hata asipofikia nusu ya kura. Nchini Australia mpiga kura huwapanga wagombea kwa kuandika 1, 2, 3. Wa mwisho akiondolewa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata, mpaka mmoja apate zaidi ya nusu.

Utaratibu huo, hata hivyo, usingeondoa kasoro ya uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963. ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP, zenye viti 18 kwa pamoja, zikaunda serikali. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo yake yenyewe, na kura ya ziada haivuki mpaka wa jimbo.