Chuo cha Fourah Bay: Wanafunzi Wachache, Kazi Kubwa

Zikitajwa habari za vyuo vikuu katika Afrika, wengi wetu hufikiri kwanza Makerere, kilichofunguliwa katika mwaka wa 1922. Lakini karibu miaka mia moja kabla yake palikuwa na chuo kidogo cha Kanisa la Kianglikana huko Afrika ya Magharibi, ambamo vijana wa Kiafrika walifundishwa Kiyunani, Kilatini, Kiebrania na hesabu. Chuo hicho ni Fourah Bay, katika mji wa Freetown, Sierra Leone. Habari zake zafaa kujulikana na kila mzazi anayeuza kahawa au ng'ombe wake ili alipe ada ya mtoto, na kila karani asomaye usiku baada ya kazi.

Freetown ulikuwa mji wa watu waliotolewa utumwani. Baada ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1807 kukataza biashara ya watumwa, manowari za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini na kuwashusha watu hapo. Katika mwaka wa 1827 wamisionari wa C.M.S. walifungua chuo kwa ajili ya kuwafundisha walimu na watumishi wa Kanisa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Charles Haensel, na wanafunzi walikuwa wachache mno.

Mmoja wao alikuwa Samuel Ajayi Crowther, Myoruba. Alitekwa katika mwaka wa 1821 akiwa kijana mdogo, akauzwa mara kadhaa, na mwaka uliofuata jahazi lililomchukua likakamatwa, naye akafikishwa Freetown. Miaka mitano tu baadaye kijana yule aliyekuwa bidhaa sokoni akawa mwanafunzi wa chuo.

Darasani Kiingereza kilitumika, nacho hakikuwa lugha ya mama ya wanafunzi wale. Huyu alitoka Yoruba, yule Igbo, mwingine mbali zaidi. Mambo hayo, ambayo mtu angeweza kuyaona kuwa ni shida, mwalimu mmoja aliyaona kuwa ni hazina. Huyo ni Sigismund Koelle, Mjerumani, aliyefundisha lugha chuoni baada ya mwaka 1847. Aliketi na watu wa Freetown zaidi ya 200, mmoja mmoja, akawauliza maneno yale yale katika lugha zao, na mwaka 1854 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho Polyglotta Africana. Hata leo wataalamu wa lugha wanakitumia. Basi waliokuwa walimu wa mwalimu huyo ni watu waliopata kuwa watumwa.

Katika mwaka wa 1848 jengo jipya la mawe mekundu lilikamilika. Mkuu wa chuo siku hizo alikuwa Edward Jones, mtu mweusi kutoka Marekani. Inasemekana kwamba mbao za paa lake zilitokana na milingoti ya majahazi ya watumwa yaliyovunjwa.

Lakini kwa muda mrefu mwanafunzi aliyemaliza masomo hapo hakupata shahada. Katika miaka ya 1872 na 1873 Edward Blyden, mwanachuoni maarufu mwenye asili ya visiwa vya Karibi, alidai Afrika ya Magharibi ipewe chuo kikuu chake chenyewe. Alitaka vijana wajifunze katika nchi yao, na Kiarabu na lugha za Kiafrika zifundishwe. Katika mwaka wa 1876 C.M.S. ilikiunganisha chuo na Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Tangu hapo mwanafunzi aliweza kupata shahada ya Durham bila kuvuka bahari, kwa kipimo kile kile cha Waingereza. Henry Carr wa Lagos alipata shahada yake ya hesabu na fizikia katika mwaka wa 1882, akiwa hajatimiza miaka ishirini, na baadaye akawa afisa mkubwa wa serikali huko Lagos.

Ni kweli kwamba ombi la Blyden lilitimizwa nusu tu. Shahada ilikuja, lakini kipimo cha elimu kilibaki mikononi mwa watu wa mbali. Wasichana nao walingoja zaidi: mwanamke wa kwanza kupata shahada hapo, Lati Hyde-Forster, aliipata mwaka 1938, yaani miaka 62 baada ya mlango kufunguliwa.

Tena elimu haikuwa kinga dhidi ya dharau. Crowther alifanywa askofu katika mwaka wa 1864, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika Kanisa la Kianglikana, na Chuo Kikuu cha Oxford kikampa heshima ya udaktari. Hata hivyo, katika uzee wake wamisionari vijana wa Kizungu waliwaondoa watumishi wake wa Kiafrika kwenye Mto Niger na kuyadharau maongozi yake. Alifariki mwaka 1891, na aliyeshika mahali pake alikuwa Mzungu. Lakini Biblia ya Kiyoruba aliyoifanyia kazi, pamoja na vitabu vyake vya sarufi na maneno, hakuna aliyeweza kuviondoa.

Nasi katika Kenya tunayo habari inayofanana na hiyo. C.M.S. hiyo hiyo ilianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hapo chuo cha theolojia cha Mtakatifu Paulo kilianza mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili.

Fourah Bay nacho kilihamia mlima Aureol baada ya vita vya pili vya dunia, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sierra Leone. Jengo la zamani liliungua mwaka 1999, zikabaki kuta. Wazazi wengi huuliza kwanza chuo kina majengo gani na kina wanafunzi wangapi. Afadhali waulize mtoto atafundishwa na nani, na atakuwa na uwezo wa kuwafanyia nini watu wa kwao katika lugha yao. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Crowther hakutuzwa upesi, lakini kazi aliyoifanya kwa lugha ya mama yake ndiyo iliyodumu.